Kabla ya Kutia Sahihi

Mimi ni mwanachama wa zamani wa Chama cha Kiswahili. Nilikaa hapa Lugulu miaka minne, nikala githeri ya hapa, nikakimbizwa na kengele ya hapa, na sasa niko mwaka wa nne katika chuo kikuu. Nasomea uhusiano wa kimataifa na Kifaransa. Kila nikija likizo naulizwa swali lile lile, sokoni Misikhu, kanisani, hata ndani ya matatu: "Kifaransa? Utakiongea na nani hapa Bungoma?" Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa kicheko. Siwalaumu. Mtu akiuza ng'ombe ili mtoto asome, ana haki ya kujua mtoto anasoma nini. Basi makala haya ndiyo jibu langu.

Uhusiano wa kimataifa ni elimu ya jinsi nchi zinavyoishi pamoja: zinavyofanya biashara, zinavyogombana, zinavyopatana na zinavyoandikiana mikataba. Wengi hudhani ni mambo ya New York na Geneva tu. Hebu tutazame ramani ya kwetu. Ukisimama barabarani hapa Lugulu una njia mbili. Ukiteremka, utafika Webuye na kuingia katika barabara kuu itokayo Mombasa; hiyo itakupeleka Bungoma, Malaba na Kampala, kisha Kigali, Bujumbura na Goma. Ukipanda, utapita Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, na ukiendelea utafika Lodwar na Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka wa 1992. Sasa sikiliza ajabu: njia zote mbili zitakufikisha kwa watu waongeao Kifaransa. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zina Kifaransa miongoni mwa lugha zao rasmi, na huko Kakuma wamo wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Lile lori linalotutimulia vumbi pale Webuye huenda juma lijalo likawa Kigali. Kwa hivyo si sisi tuliokifuata Kifaransa. Kinatupita mlangoni kila siku, nasi tunakitazama tu kama kuku atazamavyo ndege ya abiria.

Isitoshe, sisi wa Bungoma tumezaliwa ndani ya somo hili. Wabukusu wa upande huu wa Mlima Elgon na Wamasaba wa upande wa Uganda ni watu wa asili moja. Lugha zao husikizana, na vijana wa pande zote mbili hutahiriwa katika miaka inayogawika kwa mbili. Kukhu wangu ana dada aliyeolewa ng'ambo ya mto Lwakhakha, na sijamsikia hata siku moja akimwita mgeni. Lakini mto huo ni mpaka wa nchi. Hadi mwaka wa 1902 sehemu hizi zetu zilitawaliwa kutoka Uganda. Mwaka huo Waingereza wakazihamishia himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Ilikuwa kazi ya kalamu tu. Mwezi wa Februari 1976 Idi Amin alisimama na kudai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda. Kenya ilikataa katakata, na dai hilo likafifia. Miaka 12 kabla ya hapo, Julai 1964, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikuwa wamekwisha kukubaliana mjini Cairo kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyorithi siku ya uhuru.

Tazama basi. Mpaka ulihamishwa kwa karatasi, na karatasi ndiyo iliyowekwa kuulinda. Hilo lilikuwa funzo langu la kwanza chuoni: mambo mengi ya dunia hii huendeshwa na karatasi, na kila karatasi ina lugha yake.

Sasa niseme juu ya Kifaransa chenyewe. Nilikianza chuoni katika darasa la wale wasiojua hata neno moja. Wenzetu waliokisoma shuleni walikuwa mbele yetu kama treni na baiskeli. Lakini nikagundua kwamba sikuja mikono mitupu, kwa maana nilikuwa na Kiswahili. Wenzangu walilia kwamba Kifaransa kina maneno ya kiume na ya kike, ati meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, na kila sifa sharti ifuate. Mimi nikacheka moyoni. Mtu aliyepitia ngeli za Kiswahili na upatanisho wa kisarufi mbele ya mwalimu wetu, ataogopaje ngeli mbili? Kiti chake kizuri, viti vyake vizuri. Huo ni ugonjwa ule ule, dawa ni ile ile.

Hata msamiati una udugu tusioutarajia. Sukari yetu kwa Kifaransa ni sucre, kahawa ni café, na tarakimu ni chiffre, ambayo ni ndugu ya sifuri yetu. Kuna neno mesquin, maana yake mtu bahili mwenye moyo mdogo; nalo limetoka katika neno lile lile lililotupa maskini. Siri ni kwamba maneno haya yote yana asili ya Kiarabu: sisi tuliyapokea pwani kwa majahazi, nao Wafaransa wakayapokea kupitia Bahari ya Kati. Sisi nasi tuliazima moja kwa moja: divai imetokana na du vin. Wala kukopeshana huku hakukuishia kwenye maneno. Padre mmoja Mfaransa, Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo katika karne ya 19, alitunga kamusi ya Kiswahili kwa Kifaransa iliyochapishwa Paris mwaka wa 1939. Ina zaidi ya kurasa 1000. Nilipoifungua mara ya kwanza maktabani nilijiuliza: ikiwa mtu wa mbali alijisumbua hivi kwa ajili ya Kiswahili, mimi nina udhuru gani?

Kuhesabu ndiko kulikonitoa jasho. Mfaransa wa Paris hasemi sabini. Husema sitini na kumi. Themanini kwake ni ishirini mara nne, na tisini na tisa ni ishirini mara nne na kumi na tisa. Lo! Ukitaka kununua kitu sharti kwanza upige hesabu. Lakini siku moja mhadhiri wetu alituambia kwamba Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, kwa kuwa walitawaliwa na Wabelgiji, husema septante kwa sabini na nonante kwa tisini. Ni maneno mepesi, ya moja kwa moja. Siku hiyo nilielewa kwamba kuna Kifaransa cha Paris na kuna Kifaransa cha jirani, nami nikajua ni kipi ninachokihitaji zaidi.

Nilikihitaji kwa sababu ya khocha wangu, ndugu ya mama. Yeye ni dereva wa lori. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado kidato cha pili hapa, alipeleka katoni za sabuni katika ghala moja mashariki mwa Kongo. Alipofika, mzigo ukashushwa, na mtu wa ghala akamletea karatasi ya Kifaransa. Waliongea Kiswahili, maana huko mashariki mwa Kongo Kiswahili ndicho kinachotawala sokoni. Yule mtu akamwambia, "Weka sahihi hapa, kwamba umefika." Khocha akaweka, akapewa nakala, akashukuru, akageuza lori.

Aliporudi alikuta mwenye lori amekwisha kupata habari kwamba katoni 40 zilipungua, na kwamba dereva mwenyewe amekiri. Khocha akaapa kwamba hakukiri lolote. Akaonyeshwa sahihi yake. Mshahara wake ukakatwa mwezi hadi mwezi, na binamu yangu akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Nyumbani palikuwa na minong'ono. Wengine walimwamini, wengine wakasema, "Aa, madereva tunawajua." Yeye akaitia ile nakala katika bahasha ya kaki, akaificha, asiizungumzie tena.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilimwomba anionyeshe. Karatasi ilikuwa imefifia, lakini ilisomeka. Ilianza kwa maneno Je soussigné, ambayo maana yake ni "mimi niliyetia sahihi hapa chini". Kisha likafuata neno reconnais, yaani nakiri. Mwishoni, mbele ya nambari 40, palikuwa na neno manquant, yaani pungufu. Nilimsomea polepole kwa Kiswahili, neno kwa neno. Alinyamaza kwa muda, halafu akaniuliza, "Mwipwa wangu, hivyo ndivyo nilivyosema?" Nikamjibu, "Hivyo ndivyo karatasi ilivyosema, khocha. Wewe ulisema umefika." Pesa hazikurudi. Lakini jioni hiyo alimwita mkewe na wanawe wote, akaniambia niisome tena mbele yao.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba mambo haya huwapata madereva peke yao. Yamewahi kumpata mfalme. Tarehe 2 Mei 1889, Menelik wa Pili wa Ethiopia alifanya mkataba na Italia mahali paitwapo Wuchale. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili, Kiamhari na Kiitaliano. Katika kifungu cha 17, maandishi ya Kiamhari yalisema kwamba Ethiopia yaweza kuitumia serikali ya Italia katika shughuli zake na mataifa mengine. Yaani ikipenda. Maandishi ya Kiitaliano yakaifanya hiari hiyo kuwa lazima, na Italia ikatangazia Ulaya kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik alipotambua, aliukana mkataba huo. Vita vikazuka, na tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Italia likashindwa vibaya katika mapigano ya Adwa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo mkataba mpya ukatiwa sahihi mjini Addis Ababa, na Italia ikautambua uhuru kamili wa Ethiopia. Mkataba huo mpya uliandikwa kwa Kiamhari na Kifaransa. Kiitaliano hakikuwamo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kwa nini Kifaransa? Kwa sababu wakati ule Kifaransa kilikuwa ndicho lugha ya mabalozi. Hata ule mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yaliandikiana masharti ya kuigawana Afrika, hati yake kuu iliandikwa kwa Kifaransa, ingawa ulifanyika Ujerumani. Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyekaribishwa kwenye meza hiyo. Hadi leo Kifaransa pamoja na Kiingereza ndizo lugha za kazi katika ofisi za Umoja wa Mataifa, na ndizo lugha rasmi za Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Nilipokuwa nikiyasoma haya darasani, nilikuwa nikimwona khocha na bahasha yake ya kaki. Nikaona kwamba tofauti ya mfalme na dereva ni hii tu: mfalme alikuwa na jeshi la kwenda Adwa.

Hapo ndipo nilipopata mada ya utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Nilichagua kuchunguza lugha zinazotumika katika mpaka wa Malaba: ni lugha gani inayosemwa, na ni lugha gani inayoandikwa. Nilikaa huko majuma matatu nikiwa na barua ya chuo, nikaongea na madereva, matanboi, mawakala wa forodha na akina mama wanaovuka na bidhaa ndogo ndogo. Ni utafiti mdogo, wa mwanafunzi, nao hauwezi kuusemea mpaka mzima. Lakini niliyoyaona nitawaeleza.

Malaba ni kituo cha pamoja, maana yake maofisa wa Kenya na wa Uganda hukaa katika jengo moja. Lori likitoka Kenya halisimamishwi mara mbili. Huvuka na kushughulikiwa na nchi zote mbili upande wa Uganda, na litokalo Uganda hushughulikiwa upande wetu. Ukikaa hapo asubuhi moja utasikia Kiswahili cha kila namna. Utasikia cha Mombasa, cha Kampala, na kile cha Kongo chenye aksanti mahali petu pa asante. Mtu wa Eldoret na mtu wa Bukavu wataulizana bei, watataniana, watakopeshana hata chaja ya simu, yote kwa Kiswahili. Kwa hivyo katika mazungumzo, Kiswahili hakina mpinzani pale.

Lakini karatasi ni habari nyingine. Karatasi za Kenya na Uganda ni za Kiingereza, na zikifika Burundi au Kongo zinakutana na za Kifaransa. Madereva walinieleza jinsi wanavyojitahidi. Wengine hukariri umbo la maneno kama picha. Wengine huipiga karatasi picha kwa simu wakamtumia rafiki. Wengine humlipa kijana wa pale pale awasomee, nao hawana njia ya kujua kama amesoma kweli. Nilipowasimulia kisa cha khocha, bila kumtaja, hakuna aliyeshangaa.

Jambo ambalo sikulitarajia lilitoka kwa akina mama. Mimi nilikwenda Malaba nikiwinda Kifaransa. Wao wakanionyesha kwamba taabu si Kifaransa peke yake. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna cheti chepesi cha asili ya bidhaa kwa wafanyabiashara wadogo. Ukiwa na mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, nao umetoka katika nchi mwanachama na ni wa bidhaa zinazokubaliwa, unajaza cheti hicho pale pale mpakani, na hutozwi ushuru wa forodha. Ni haki nzuri sana. Lakini mama mmoja muuza vitunguu aliniambia hivi: "Binti yangu, hiyo karatasi nimeiona. Ni ya Kizungu. Nikiijaza vibaya nitashikwa, bora nipitie njia ya panya." Naye huko njia ya panya hutozwa na watu wasiotoa risiti, na mvua ikinyesha mto humchukulia mzigo. Karatasi ya Kiingereza kwa mama asiyeisoma ni sawasawa na ile ya Kifaransa kwa khocha. Wote wawili hawakukosa akili. Walikosa lugha ya karatasi.

Basi nini kifanyike? Kwa upande wa viongozi, hatua zimepigwa. Mwaka wa 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua kwamba Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai 2022, Kongo ikawa mwanachama kamili. Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa zinazotajwa katika katiba ya Kongo ya mwaka wa 2006, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi, na tangu mwaka huo 7 Julai huadhimishwa kote duniani kuwa Siku ya Kiswahili. Haya yote ni ya kujivunia, si haba. Lakini uamuzi wa mkutano na karatasi ya mpakani ni vitu viwili. Uamuzi huo utakuwa umefika Malaba siku ambayo yule mama wa vitunguu ataijaza karatasi yake mwenyewe bila kuogopa.

Hali kadhalika, mambo yanayoihusu Kenya yanazidi kutuelekeza kwa watu wa Kifaransa. Novemba 2022 wanajeshi wa Kenya walipelekwa Goma katika jeshi la Jumuiya, wakakaa hadi Desemba 2023. Januari 2025 mji huo ukatekwa na waasi wa M23, na madereva niliowahoji walikuwa na wenzao huko. Juni 2024 polisi wa Kenya walianza kuwasili Haiti, kisiwani mbali na hapa, ambako lugha rasmi ni Kikreoli na Kifaransa. Polisi anayelinda raia asioweza kuwauliza "umeumia wapi?" ana kazi nzito maradufu. Sisemi haya ili kumlaumu mtu. Nasema tu kwamba swali la "utakiongea na nani?" limekwisha kujibiwa na magazeti.

Kuna wanaonipinga kwa hoja nyingine. Husema Kifaransa ni lugha ya wakoloni, na kwamba mtu wa Chama cha Kiswahili akikishabikia anawasaliti wenzake. Hoja hii naiheshimu, maana nami niliwahi kuitoa katika mdahalo hapa hapa ukumbini. Ni kweli kililetwa na watawala, kama Kiingereza tunachofanyia mitihani. Lakini kutokijua hakumwadhibu mkoloni, kulimwadhibu khocha. Mimi sijifunzi Kifaransa ili niwe Mfaransa. Najifunza ili karatasi isinipite, na ili nikiipata niweze kuigeuza iwe Kiswahili. Tena niwaambie siri: katika darasa letu la tafsiri, waliopata shida zaidi si wale waliokijua Kifaransa kidogo. Ni wale waliokijua Kiswahili kidogo. Walielewa kila neno la Kifaransa, halafu wakakosa pa kulimwaga. Mtungi uliopasuka haujazwi hata ukiupeleka mtoni.

Wengine, hasa wazazi, huuliza juu ya kazi. Hapa nitasema ukweli mtupu. Sijaahidiwa kazi na mtu yeyote. Kuna wanafunzi waliosomea masomo haya kabla yangu walio katika balozi na mashirika, kuna walio walimu, kuna wanaotafsiri, na kuna wanaotafuta mpaka leo. Nami nina mkopo wa serikali wa kulipa. Asiyetaka wasiwasi wa namna hii achague njia nyingine, na hakuna aibu. Lakini mwanafunzi anayevutiwa na lugha asikatishwe tamaa na kicheko cha ndani ya matatu. Wanaocheka huteremka kituo kinachofuata. Wewe ndiye utakayeendelea na safari.

Kwa dada zangu mlioko kidato cha kwanza na cha pili, nina mashauri machache. Kwanza, kishikeni Kiswahili kwa dhati, insha na sarufi pia, maana ndicho mtaji. Pili, someni historia na jiografia kama habari za jirani yenu, si kama tarehe za kukariri. Tatu, msikiapo lugha ngeni stendi ya Kitale au sokoni Chwele, msicheke. Ulizeni neno moja, mliandike. Nne, msitie sahihi yenu mahali popote, hata kwenye fomu ya shule, kabla hamjasoma hadi mstari wa mwisho.

Kwa Chama cha Kiswahili nina ombi. Nimemwachia mwalimu mlezi daftari lenye safu tatu: Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Humo nimeandika maneno niliyoyaokota katika karatasi za mpakani: bidhaa ni marchandise, risiti ni reçu, forodha ni douane, pungufu ni manquant. Kurasa nyingi bado ni tupu. Kati yenu wamo wenye baba, wajomba na kaka wanaoendesha malori hadi Kigali na Bujumbura, na wenye mama wanaovuka Malaba na Lwakhakha. Likizo ikifika, waulizeni ni neno lipi lililowahi kuwatatiza, mliandike katika daftari hilo pamoja na jina la mahali. Nikija nitatafuta maana yake, na pamoja tutakitafsiri kile cheti cha wafanyabiashara wadogo kwa Kiswahili ambacho mama wa vitunguu atakielewa. Khocha ameahidi kukisoma kwanza. Amesema asipokielewa yeye, turudie.

Nanyi wa kidato cha nne, nawatakia mtihani mwema. Lisomeni swali mpaka mwisho ndipo mjibu.